Miguu ya Sandy Alex

Lauchie Gillis hakuwa mtu wa kuvumilia kelele. Alifanya kazi kwenye mitambo ya mgodi huku kisiwani Cape Breton, Kanada, mpaka mgodi ulipofungwa, na nadhani ndiko masikio yake yalikochoka. Alipostaafu akajifunza kusafisha kanda za muziki kwa kompyuta. Kila nyumba ikampelekea kaseti zake: fidla zilizorekodiwa jikoni, birika likichemka, mbwa akibweka, mjomba fulani mlevi akishangilia. Lauchie aliviondoa vyote. Tulimsifu mno, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kaseti akishamaliza kuisafisha, wenyewe aliwapa muziki kwenye diski, na kaseti yenyewe hakuitupa. Alirekodi juu yake misa ya Jumapili, akawapelekea wagonjwa wasioweza kufika kanisani. Hata padri alimshukuru mbele ya watu.

Ndipo Effie Beaton akaja na kaseti yake moja tu. Marehemu mumewe, Sandy Alex, alikuwa binamu yake Lauchie. Sandy alipoteza mguu mgodini, lakini hakuacha fidla. Alipiga huku akigonga sakafu, kiatu upande huu, mguu wa mti upande ule. Effie ndiye aliyekuwa akicheza mbele yake, soli zake zikijibizana na miguu hiyo, na sisi wengine tunasahau chai ikipoa.

"Shemeji," Effie alimwambia, "natimiza themanini. Siku hiyo nataka nicheze na Sandy mara moja tu, magoti yakigoma baadaye shauri yao. Ila kaseti inakoroma kuliko yeye mwenyewe."

"Niachie mimi. Utadhani yuko hapo mezani anakudai chai."

Akatoa mvumo wa kaseti, akatoa jiko, akatoa viti. Kisha akafika kwenye kule kugonga kwa miguu sakafuni. Mtoto yeyote wa huku anajua miguu ya mpiga fidla ndiyo ngoma yake, na Lauchie alijua pia. Lakini alikuwa amesikiliza sana santuri za wanamuziki wa mjini, fidla ikilia peke yake, na alitaka binamu yake naye asikike kama mkubwa. Alifanya kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ningependa kumlaumu nikashindwa.

Siku ya sherehe jiko la Effie lilijaa. Akavaa viatu vyake vya kuchezea, akasimama katikati ya sakafu. Lauchie akabonyeza. Fidla ikatoka safi, tamu, bila hata punje ya vumbi. Effie akainamisha kichwa. Wimbo ukazunguka mara ya kwanza, ukarudia. Akainua mguu, akaushusha.

"Anza basi, bibi!" nikamtania. "Au umri umekula hatua?"

"Nyamaza wewe, nangoja."

"Unangoja nini?"

"Miguu yake." Akamgeukia Lauchie. "Shemeji, miguu ya Sandy iko wapi?"

Lauchie akajikuna shingo. "Ile... ilikuwa inafunika fidla, Effie. Nikaitoa."

"Fidla hata wewe unaweza kuipiga! Haya, niwekee kaseti yangu ilivyokuwa, na mikoromo yake."

Kwenye kompyuta Lauchie alikuwa amebakiza ile iliyosafishwa tu.

"Nimerekodi misa juu yake."

Mtu mmoja alicheka, akadhani ni mzaha, kisha akatazama chini. Mimi nilijutia utani wangu, nikajutia na kila sifa niliyowahi kummwagia mtu yule. Effie aliketi, akaanza kufungua kamba za viatu. Lauchie akapiga magoti amsaidie, machozi yanamdondoka. Effie akamwondoa mkono taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Fidla ilikuwa bado inalia. Nikanyoosha mkono kuizima.

"Mwache amalize," Effie akasema.