Nyumba Iliyomngoja Omuse

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata nikisahau mengine yote, hiyo hainitoki kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi jua likatoka kali kama lisilojua tulivyolala, na fundi wa mabati akaingia uani kwetu na ngazi begani. Mimi ndiye niliyemwita, kimyakimya, bila kumwambia mama. Akaiegemeza ngazi ukutani na kuweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Hapo mama akatoka ndani amejifunga leso, akaja moja kwa moja na kuketi chini kwenye matope, mgongo wake ukiegemea ngazi.

"Fundi, shuka," akasema. "Hii nyumba iko na mwenyewe. Mimi niko na kijana. Hajakufa."

Fundi akanitazama, nami nikamtazama. Alikuwa mtu wa hapa hapa Amagoro na alielewa maneno hayo yana uzito gani. Akasubiri mama ainuke, akaichukua ngazi yake. "Pole, dada," akaniambia langoni. "Mkisikizana mtaniita." Hatukusikizana.

Ngoja nikueleze, kwa maana ninyi wa siku hizi mwaweza kudhani mama alikuwa amerukwa na akili. Mama yangu alizaliwa Samia, upande wa Namboboto, akaolewa hapa na baba yangu aliyekuwa Mteso. Kwao alikotoka, nyumba ya mjane haiguswi paa mpaka mwana wake wa kwanza wa kiume awepo, aishike ngazi kwa mkono wake kabla fundi hajapanda. Ukilivua bati mwanao akiwa hayupo, umemhesabu na waliokufa. Majirani zetu wengi hawakulishika jambo hilo kwa nguvu namna hiyo. Mama alilishika. Na mwana wake wa kwanza wa kiume, kaka yangu Omuse, alikuwa dereva wa malori makubwa yaendayo Uganda na mbele huko, na miaka ilikuwa imepita bila yeye kukanyaga nyumbani.

Mimi nilikuwa mwanamke kijana bado, mikono ina nguvu, na nilikuwa nimerudi kwetu na binti yangu mdogo baada ya ndoa yangu ya Angurai kuvunjika. Aliyerudi nyumbani, mwanangu, hana kauli. Anafagia, anapika, analima, lakini kauli hana. Mama alinikumbusha hilo kila siku, asije akasahau yeye wala nisije nikasahau mimi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, imepigwa plasta ya saruji nje na ndani, baba aliijenga akiwa bado na nguvu. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu pale misumari ilipopita. Mwanzoni lilikuwa tone hapa na tone pale, tunaweka sufuria, maisha yanaendelea. Kisha maji yakapata njia ya kushukia ndani ya ukuta, katikati ya udongo na plasta. Ukuta wa namna hiyo unakudanganya. Ukiutazama ni mzima, mweupe, umependeza. Ukiugonga kwa vidole unasikia uwazi, na ukiweka shavu unasikia baridi. Nilikuwa nikiugonga ukuta wa chumba cha mama kila alipotoka, na kila mara ule uwazi ulikuwa umepanda juu zaidi.

Nilifanya niliyoyaweza. Magunia ya mahindi niliyainua juu ya matofali, lakini ya chini yalikuwa tayari yameota, ukifungua gunia unakuta kishamba kidogo humo ndani. Unga ulishika madonge. Godoro la binti yangu nililitoa juani kila jua lilipopatikana, na bado alikwenda shule akinuka kuvu, na watoto wenzake hawakumficha. Nilichimba mtaro nyuma ya nyumba ili maji ya uani yapate pa kwenda. Mama akachukua jembe akaufukia. Alisema wageni wakija watadhani tunachimba kaburi. Nikiweka karai chini ya tone, alikuja nyuma yangu akaliondoa, eti nyumba yake si duka la vyombo. Basi maji yakawa yanaanguka sakafuni, mimi napiga deki, yeye amekaa kitini anatazama nikipiga deki.

"Nilikuita Nafula kwa sababu ulizaliwa mvua ikinyesha," alikuwa akiniambia. "Sasa umerudi, na mvua yako umekuja nayo. Kabla yako hii nyumba haikuwa inavuja."

Ilikuwa inavuja. Lakini utamwambia nani?

Usifikiri nilikuwa mpole. Nilimjibu, nilimjibu sana, na kila jibu lilimwongezea nguvu. Mama alistawi kwenye ugomvi, mimi ulinikausha. Kuna jioni nilikaa jikoni nikawaza kuwa pengine mtu anaweza kuisha polepole bila kuugua, na hakuna atakayeona tofauti maadamu chakula kimeiva. Nasema hivi kwa sababu najua wako kati yenu mnaonisikiliza ambao mnakaa jikoni hivyo hivyo sasa.

Baada ya fundi kufukuzwa nilimpigia Omuse simu. Akasikiliza, nyuma yake injini inanguruma. "Mwambieni ajenge tu," akasema. "Mimi nimekubali. Mpe mama simu nimwambie mwenyewe." Nikampa mama simu. Uso wake ulivyonawiri! Sikuwa nimeuona uso huo tangu baba alipokufa. Akamuuliza kama amekula, akamuuliza kama huko aliko kuna baridi. Omuse akamwambia mara tatu kwamba fundi apande, yeye ametoa ruhusa. Mama akaitikia vizuri, ndiyo baba, sawa baba, Mungu akulinde. Akanirudishia simu.

"Sasa nimwite fundi?" nikauliza.

"Simu inaweza shika ngazi?" akanijibu, na ule uso ukarudi ulikotoka.

Mvua ziliendelea. Siku moja jirani aliyekuwa akiuza chai kando ya barabara ya Malaba akaniambia, bila nia mbaya, kwamba kaka yako jana alikunywa chai kwangu. Nikamwambia umekosea mtu. Akasema, "Nafula, mimi naweza kosea Omuse? Huwa anakunywa hapa kila akikwama kwa foleni."

Kila akikwama kwa foleni. Nilirudia maneno hayo njia nzima. Unaijua foleni ya Malaba, malori yamepangana tangu mpakani mpaka huku kwetu, madereva wanalala chini ya trela, wanapika, wananyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni. Nilianza kutembea nikitazama kila lori usoni. Jua liliniwakia kichwani, matingo, wale wasaidizi wa madereva, wakanipigia miluzi. Nikampata. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gurudumu anakula ugali na omena. Kutoka pale alipokaa, mtu akitembea bila haraka angefika kwa mama kabla ugali haujapoa.

Hakuruka wala hakushtuka. Alisogea, akanipa nafasi niketi.

"Nani amekuambia?"

"Omuse, ukuta utaanguka. Na utaanguka upande anaolala."

"Nilisema mjenge."

"Anataka mkono wako. Njoo ushike ngazi tu, dakika moja, urudi kwa lori lako."

Akatikisa kichwa. "Sista, hakuna dakika moja na mama. Nikiingia pale siwezi toka. Ataniuliza mbona sikumletea bibi, atasema nichinje kuku, atalia, atanishikilia shati mbele ya watu. Wewe unamjua. Mimi nilitoroka mapema, basi." Akasukuma sahani kando. "Na lori nikiacha, wananyonya diseli yote. Nikirudi na mzigo mwingine nitapita. Naapa."

Nilimtazama vizuri. Nilitaka kumkuta mtu mbaya, mwanangu, ningepumzika. Nikamkuta mtu mwoga mwenye mvi za kwanza, anayeogopa kupendwa na mama yetu kama mimi nilivyoogopa kuchukiwa naye. Alinunua soda akanipa. Niliinywa nikaondoka.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni. Mtu alikuwa ameshamfikishia kwamba nimeonekana kwenye foleni.

"Ulikuwa unatafuta nini kwa madereva?" akauliza kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwa maana ndivyo alivyokusudia. "Mume mmoja alikushinda, sasa unataka wa barabara nzima?"

Binti yangu alikuwa amesimama pale na kikombe mkononi, akasikia kila neno.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni tayari: nilikuwa kwa mwanao, mwanao yuko hapo, anapita hapa kila mara na hataki kukuona. Lingemnyamazisha milele. Ningeshinda, na ilikuwa imepita miaka sijashinda. Nikamtazama yule mama mzee, leso imeloa chini kwa maji ya sakafu yake mwenyewe, nikaona kwamba nikisema nitamwacha hana kitu chochote duniani. Nikapita nikaingia ndani, nikachukua tambara, nikapiga deki. Machozi yalinitoka kwa hasira. Sikuhisi wema wowote ndani yangu. Wanaosema ukinyamaza moyo unapata amani hawajanyamazia neno la namna ile.

Omuse aliporudi na mzigo mwingine hakupita.

Ukuta ulianguka mchana, tena siku ya jua. Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa na mimi nimeanza kupumua. Mama alikuwa nje anapepeta maharagwe, mimi nafua. Tukasikia kishindo kizito, kama gunia kubwa limetupwa chini, na vumbi likatoka dirishani, mwanangu, vumbi, baada ya maji yote yale. Tukaingia. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelala wote juu ya kitanda. Mto ulionekana kidogo, kona tu, chini ya udongo. Ua tuliuona moja kwa moja kupitia pale ukuta ulipokuwa, kuku wanatembea.

Nilipiga magoti. Nilifikiri atalia, au atanilaumu, na nilikuwa tayari kwa lolote. Mama akautazama ule udongo kwa muda mrefu, mkono kiunoni. Kisha akasema taratibu, karibu kwa furaha:

"Sasa atakuja."

Akatoka kwenda kuoga na kuvaa gauni lake la kanisani.

Alingoja siku hiyo na siku zilizofuata. Omuse alipopigiwa simu aliguswa sana, akalia, akasema atafanya mpango. Mama hakuruhusu udongo uondolewe kitandani kabla mwanawe hajauona. Akahamia jikoni, kwenye kile kibanda cha kupikia, akalala kando ya mafiga, na mimi na binti yangu tukabaki katika chumba kilichosalia. Kila asubuhi nilikwenda kumwamsha nikiogopa kuufungua mlango. Moshi ulimwingia kifuani. Zahanati walimpa dawa, wakamwambia asilale tena penye moshi, akawaambia mwanawe yuko njiani. Hakuliona paa jingine. Alifia pale jikoni, mvua za vuli zilipoanza, mimi nikiwa nimemshika kichwa, na jina alilolitaja halikuwa langu.

Omuse alikuja kuzika. Alilia kuliko wote, na watu wakasema kweli huyu alimpenda mama yake. Ilikuwa kweli. Alimpenda.

Basi, mwanangu, mimi sina la kukupamba. Nimeambiwa niwape vijana maneno ya kutia moyo na nimetafuta, nikapata haya tu. Ukiishi na mzazi mgumu, na nyumba inawaozea mikononi, fanya ile kazi inayoonekana: inua magunia, anika godoro, mtoe mtoto kwenye ubaridi kabla ya kitu kingine chochote. Lakini usijitwike kazi nyingine juu ya hiyo, ya kumfanya mzazi akuone. Hiyo ndiyo ilinimaliza, si ndoo wala deki. Wapo wazazi ambao macho yao yameelekea barabarani na hayatageuka, hata ukianguka miguuni pao. Si kwamba wewe hufai. Ukiwa na neno la kumvunja, fikiri kama utaweza kuishi na kimya chake baadaye. Mimi sikulisema, na sijui mpaka leo kama nilifanya vyema, labda angelisikia angekubali fundi, labda angekufa siku hiyo hiyo. Sitakudanganya kwamba najua. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia umechoka, umwambie mapema, kabla hujazoea kukaa gizani na moto umezimika. Na wewe uliye mbali, unayepita karibu na kwenu ukiogopa kuingia, ingia. Utashikwa shati, ndiyo. Aliyebaki ndani anashikwa shati kila siku.

Nenda sasa, kumekucha na una kazi. Mungu akupe mahali pakavu pa kulala. Akupe mzazi atakayeliita jina lako kwa furaha, hata mara moja tu kabla ya kufumba macho. Na kama hilo halimo katika fungu lako, kama ambavyo halikuwamo katika langu, basi akupe watoto, na usichoke kuwaita.