Rangi ya Kucha ya Fundi Nassoro

Kabla ya kufungua pampu ya dizeli ya gari la mtu, Fundi Nassoro alifagia chumba, akamwagia sakafu maji, halafu akasubiri vumbi litulie. Ukiongea wakati huo alikuangalia tu mpaka unyamaze. Kisha alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akatandika kipande cha shuka jeupe mezani, na vidude vya pampu akavipanga mstari mmoja kwa jinsi alivyovitoa. Siku za upepo mkali hakufungua kabisa, hata ungelia. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha kupanga, kwenye nyumba ya mawe pale Mikindani, na madereva walitoka mpaka Newala kumfuata.

Kazi alijifunza Dar es Salaam, miaka tisa kwenye karakana ya pampu za dizeli, akarudi na mashine ya kupimia nozeli, vile vijibomba vinavyopulizia dizeli ndani ya injini, na tabia ya kutoharakishwa na mtu. Akishaipima pampu yako na kuridhika, ile skrubu inayoamua injini ipate dizeli kiasi gani aliidondoshea tone la rangi ya kucha, rangi ya damu ya mzee, kutoka kwenye chupa ya mkewe, Zuhura. Tone likikauka linashika skrubu na nati yake pamoja. Skrubu ikizungushwa hata kidogo, rangi inapasuka, na kila mtu anaona kuwa pampu imeguswa. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Zuhura alikuwa akilalamika kwamba pampu za Mtwara zina kucha nzuri kuliko zake.

Mimi ni Athumani, wa Mpapura. Nina mikorosho na pikapu kuukuu ya dizeli inayovuta tela. Msimu wa kupulizia navuta salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, kupeleka mashambani, msimu wa mavuno navuta korosho kwenda ghala la chama cha ushirika. Nassoro nilisoma naye madrasa, na siku ninaoa ndiye aliyenisindikiza. Nayasema haya mapema ili ujue nilimfanyia nani niliyoyafanya.

Miaka minne iliyopita nilimpelekea pikapu nikamwambia inachoka mlimani ikiwa na tela. Akanieleza bila haraka, huku anafuta bisibisi.

"Njia ya kwanza nnasafisha nozeli, pampu inabaki na kipimo chake, wewe unapunguza magunia. Ya pili, nnaongeza dizeli robo mzunguko wa skrubu, unanunua kichujio kipya cha hewa, na tunafunga geji ya kupima joto la moshi, ulione kabla injini haijaungua."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni ya Rajabu."

Rajabu ni mwenzetu mwenye pikapu. Akipanda mlima alikuwa anaacha nyuma moshi mweusi mpaka barabara haionekani, na sisi wa Mpapura tulikuwa tunasimama kando na kusifu. Kwetu gari lisilotoa moshi liliitwa gari la padri. Tulipima nguvu kwa moshi, wote, na mimi nilikuwa wa kwanza.

"Ule moshi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia," Nassoro akasema. "Joto linabaki kwenye pistoni. Na wewe unabeba salfa, Athumani. Ule unga unaziba kichujio kuliko vumbi la barabarani. Hewa ikipungua halafu dizeli imezidi, unajipikia injini mwenyewe."

Nikakubali robo mzunguko. Geji nikaikataa, nikasema sihitaji saa nyingine ya kuangalia. Hakupenda, lakini alifanya kazi yake, akadondosha tone lake, akanifungulia boneti nilione.

Pikapu ilivuta vizuri, nisiongope. Ilivuta tela imejaa, na moshi ulikuwa kidogo tu. Tatizo halikuwa pikapu. Tatizo ni kwamba Rajabu alinipita mlimani mchana kweupe, na watu waliokaa juu ya magunia yake wakanipigia kelele nishuke nisukume. Jambo dogo kabisa. Mtu mwenye akili angecheka nao. Mimi nililala nalo.

Kesho yake asubuhi, mke wangu Mwanaidi alipokwenda shamba, nikafungua boneti. Nikalegeza nati. Tone la Nassoro likapasuka vipande viwili, kimoja kikaanguka mchangani, nikakitafuta kidogo nikakikosa. Nikazungusha robo nyingine, nikaona haba, nikafika nusu, mwishowe mzunguko mzima. Halafu nikaingia chumbani nikachukua rangi ya kucha ya Mwanaidi, iliyobaki kwenye harusi ya binti yetu, nikadondosha tone pale pale. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa, siyo damu ya mzee. Nilijiambia nani ataangalia.

Wiki tatu nilikuwa mfalme wa barabara ile. Rajabu alinipisha. Kichujio sikukipiga hata kofi kutoa vumbi. Siku navuta salfa kwenda kwa wakulima wa Mahurunga, kwenye mchanga mzito, injini ikaanza kugonga, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Haikuwaka tena. Fundi aliyeishusha akanionyesha pistoni yenye tundu la kuingia kidole.

"Hii imelishwa dizeli kupita kiasi," akasema. "Nani kaigusa pampu?"

Mwanaidi alikuwa amesimama pale. Alishawahi kuniambia nisishindane na Rajabu. Nikafungua mdomo, na nikasema, "Nassoro."

Hapo ndipo ningeweza kurudi. Nilikuwa na siku tatu nzima za kurudi. Lakini Mwanaidi aliwaambia majirani, majirani wakanipa pole, na kadiri walivyonipa pole ndivyo nilivyozidi kukasirika, mpaka nikafika mahali nikaamini nusu ya uongo wangu. Ijumaa baada ya swala nikaenda Mikindani na pampu ndani ya kiroba. Kwenye benchi nje ya chumba cha Nassoro walikuwa wamekaa madereva watano au sita, Rajabu mmojawapo, na Goodluck anayeendesha lori la bandarini.

Sikumsalimu. Nikaiweka pampu juu ya shuka lake jeupe, na vumbi lake lote, nikasema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba ameniulia injini, kwamba amezeeka haoni vipimo, na wenzangu waangalie wasije wakalia kama mimi.

Nassoro aliichukua pampu, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaigeuza. Akaliona tone. Alilisugua kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, kisha akaniangalia. Sikuweza kumwangalia, nikaangalia miguu yake.

"Fundi, ni kweli?" Goodluck akauliza.

Neno moja tu lingetosha. Angewaonyesha ile rangi, angeleta na chupa yake wakailinganisha, na mimi nisingekanyaga tena Mikindani wala Mpapura. Watu wangenicheka mpaka wajukuu zangu.

"Mwenye pampu keshasema," Nassoro akajibu. Akanigeukia. "Iache hapa. Njoo Jumatano."

Jumatano nikaikuta imesafishwa na kurudishwa kwenye robo mzunguko ule ule, na juu ya skrubu tone jipya la damu ya mzee. Hakutaka malipo. Alinipa mkononi, akaniuliza hali ya Mwanaidi, akaendelea na kazi.

Fundi wa pampu anaishi kwa jina. Goodluck aliwaambia wenzake bandarini, nao wakaanza kwenda kwenye karakana mpya mjini. Rajabu hakurudi. Wa Newala waliacha mmoja mmoja. Mwaka wa pili Nassoro alirudisha kile chumba kwa mwenyewe, akawa anazunguka vijijini kwa bodaboda, sanduku la spana mapajani, anatengeneza injini za mashine za kusagia nafaka. Mtu aliyekuwa anafungua pampu kwenye shuka jeupe, nilimkuta Mahurunga amepiga magoti kwenye pumba. Akanisalimu yeye kwanza. Nilikusudia kumwambia siku ile. Niliuliza bei ya mahindi.

Nilikusudia mara nyingi. Nilikusudia mwezi wa Ramadhani, nikakusudia Idi. Nimegundua kuwa mtu anaweza kukusudia jambo jema miaka mitatu bila kuchoka.

Mwaka jana mwezi wa tisa presha ilimwangusha, siku mbili tu, akafariki. Presha alikuwa nayo tangu zamani, na sisemi mimi ndiye niliyemuua. Lakini nalijua nililomfanyia.

Kaburini, kabla hatujaondoka, mdogo wake Bakari akasimama mbele yetu kama ilivyo desturi. Akasema marehemu alikuwa binadamu, na yeyote aliyekosewa naye amsamehe hapo hapo, asimwachie mzigo huko aendako. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Kisha nikaona vichwa vinageuka kwangu. Rajabu aligeuka. Goodluck, aliyesimama nyuma na kofia mkononi, naye akageuka. Wote walikumbuka ile Ijumaa, na walikuwa wananisubiri mimi niliyeharibiwa injini.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Watu wale wale walikuwepo, sikuhitaji kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Nilikuwa na udongo wa kaburi lake viganjani.

"Nimemsamehe," nikasema.

Nikasikia watu wakishusha pumzi. Bakari akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamejaa machozi.

"Ahsante, kaka Athumani. Mwenyezi Mungu akulipe kwa ulivyomfanyia."

Nikaitikia amina, kwa sauti, pamoja na wengine.