Zamu ya Eunike Kusoma

Kwenye baraza la duka moja la vitenge mjini Same, upande wa soko ambako upepo haupumziki, kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Esta binti Eliezeri. Ukutani nyuma yake zilining'inia kamba nyembamba za katani, kila moja ina mafundo yake, na juu yake kimeshonewa kipande cha kitambaa cha kuitambulisha. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vipimo vya wateja wake. Fundo la kwanza mabega, la pili kifua, linalofuata kiuno, na kuendelea hivyo hadi urefu wa gauni.

"Mama Eunike," alimwambia siku moja Zaituni, mfanyabiashara wa Hedaru aliyekuja kuchukua mzigo, "hilo fundo la kiuno lisogeze. Mfungo umeisha, nami nimerudi kwenye chapati."

"Nilisogeze mpaka wapi?"

"Mpaka mume wangu anyamaze."

"Basi kamba haitoshi, dada yangu."

Walicheka wote barazani. Kushona kwake kulisifiwa mpaka Kihurio, na wanawake walivumilia foleni yake wakati mafundi wengine wamekaa bure. Kuhusu zile kamba, watu walidhani ni madaha ya mtu aliyeimudu kazi. Pale mjini hakuna aliyejua kwamba Esta hakuandika vipimo kwa sababu kuandika hakuweza, wala kusoma.

Na nani angewaza hivyo? Alitoka Chome, juu kabisa karibu na msitu wa Shengena, katika nyumba ambayo mpaka leo inaitwa Nyumba ya Mwalimu. Baba yake, Mwalimu Eliezeri, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji cha jirani, na mzee wa kanisa. Mama yake, anayeitwa Mama Ezra kwa jina la mwanawe wa kwanza, alifundisha darasa la kwanza mpaka alipostaafu. Nusu ya watu wazima wa Chome walishikwa mkono na yeye walipochora herufi yao ya kwanza. Watoto wa nyumba hiyo walisoma wote wakapata kazi za ofisini. Esta peke yake ndiye aliyeanguka mtihani wa darasa la saba. Nyumbani ikasemwa kwamba siku ile alikuwa na homa.

Hakuwa na homa. Kila alipofungua ukurasa, herufi zilimtawanyikia kama siafu waliomwagiwa majivu. Alizikimbiza, akaishika moja, nyingine zikawa zimeshabadilisha mahali. Shuleni alichapwa kwa uvivu. Nyumbani palikuwa na jambo gumu zaidi kuliko fimbo.

Ijumaa jua linapozama, familia ilikusanyika sebuleni kufungua Sabato. Kitabu kikubwa cha Mwalimu kiliwekwa mezani, na kila mtoto, kuanzia mdogo, alisimama na kusoma fungu lake la Biblia kwa sauti. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba, na wageni waliopita njiani walisimama nje kuusikiliza. Esta aliokolewa na kaka yake Ezra. Alasiri, wakikata majani ya ng'ombe, Ezra alimsomea fungu lake mpaka likamkaa kichwani. Jioni Esta alisimama, akakitazama kitabu, akalitoa lote bila kukwama. Baba yake alifumba macho kwa furaha. Wageni walisema binti huyu anasoma kuliko wote. Mwalimu alikufa akiamini hivyo, na Esta alimzika akiwa na siri hiyo kifuani.

Binti yake, Eunike, alizaliwa Esta akiwa hajaolewa, na baba yake mtoto hakuonekana tena. Mambo ya aina hiyo nyumba yenye heshima huyamaliza kimyakimya. Mtoto akawa wa Nyumba ya Mwalimu: akapewa jina la bibi yake mzaa mama, kama desturi ya kule inavyotaka, na shuleni akaandikishwa kwa jina la babu, mjomba Ezra akiwa mlezi. Bibi alimwita wajina. Mtoto aliishi Same na mama yake, na alipopanda Chome likizo bibi alimpokea mlangoni na kumwuliza, "Wajina, mimi hujambo huko mjini?" Mtoto naye alijibu, "Wewe hujambo, bibi, ila unapenda sana kulala." Kibibi kile cha watu kilicheka mpaka kikashika ubavu.

Eunike alifika darasa la tatu bila kusoma neno. Esta alijua kabla ya shule kujua. Alimwona akigeuza daftari huku na huku, akisugua macho, akidai kichwa kinauma, akajiona mwenyewe.

Aliyemwita shuleni alikuwa Mwalimu Nasrin, mwanamke kijana aliyesomea elimu maalumu.

"Mama Eunike, mtoto wako hana upungufu wa akili," alisema. "Ukimsimulia hadithi asubuhi, jioni anakurudishia yote. Tatizo lake ni maandishi. Ubongo wake unayapokea kwa njia nyingine. Kitaalamu hali hiyo inaitwa disleksia."

"Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa, na wala si uvivu. Wapo watu wa namna hiyo waliofika chuo kikuu. Wanataka kufundishwa taratibu, kwa kushika, kwa kusikia. Mara nyingi hali hii hutembea ndani ya familia. Kwenu yupo mwingine?"

Esta alitazama dirishani. "Kwetu hayupo," alisema.

Lakini tangu siku hiyo alianza kuja na mtoto darasani kwa Nasrin baada ya masomo. Nasrin aliwafanya wachore herufi kwenye mchanga. Esta akaleta kamba zake za katani, wakazikunja kuwa herufi na kuzishonea kwenye kitambaa, Eunike akazipapasa macho yakiwa yamefumbwa, huku akizitamka. Ilikuwa kazi ya jasho. Siku nyingine mtoto alilia, siku nyingine alikitupa kitambaa. Mpaka alasiri moja, aliweka kidole chini ya neno kitabuni, akalivuta sauti kwa sauti, akamgeukia mama yake ameshangaa. Neno lilikuwa "kuku". Lilikuwa neno dogo, lakini hakuna mtu aliyemnong'oneza.

Nasrin alitaka mtoto aingie kitengo cha elimu maalumu kwa baadhi ya vipindi. Shule ilihitaji ruhusa ya mlezi. Esta alimpigia Ezra, na Ezra akasema, kama alivyosema maisha yake yote, "Muulize Mama."

Basi Desemba, ukoo ulipopanda Chome kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka, Esta alipanda na mpango wake. Alimwambia Nasrin, "Mama ni mwalimu. Akimsikia mtoto anasoma kweli, atakubali." Aliliamini jambo hilo. Barabara ya kupanda kutoka Makanya ilikuwa imechimbika kwa mvua, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na Eunike njia nzima alikuwa akitamka sauti midomoni kama mtu anayesali.

Ijumaa jua lilipozama walikusanyika sebuleni, wajukuu wamepangwa kwa umri. Wadogo walisoma. Ikafika zamu ya Eunike.

Aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Akalivuta. Akaenda la pili. Alikosea, akarudi, akalipata. Fungu lenyewe lilikuwa fupi, lakini kila neno lilitoka kama ndoo inavyotoka kwenye kisima kirefu. Esta alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono imeshikana. Moyoni alikuwa akisema, tazama, Mama, tazama anavyosoma.

Binamu mmoja alicheka puani. Mwingine akamfuata.

"Anahesabu mchwa," alinong'ona mmoja wao, na benchi zima likatikisika.

Mama Ezra hakucheka. Alikuwa amekaa wima, uso umekauka. Nje ya dirisha walisimama majirani wawili waliokuja kusalimia. Aliwaona, akanyoosha mkono taratibu na kukifunika kitabu huku kidole cha mtoto kikiwa bado ndani.

"Inatosha, wajina. Umechoka na safari. Tuimbe."

Wakaimba. Eunike alibaki amesimama, hajui aketi au asiketi.

Wageni walipoondoka na watoto walipokwenda kula makande, Esta alimfuata mama yake jikoni. Ezra alikuwa pale, anakunywa chai.

"Mama, mtoto amesoma. Ni mara yake ya kwanza kusoma mbele ya watu, kwa macho yake mwenyewe. Nimekuja kuomba ruhusa aingie kitengo."

"Kitengo cha nani? Kile cha mataahira?"

"Si taahira. Mwalimu wake ameeleza vizuri. Ni hali ya kuzaliwa."

"Ya kuzaliwa na nani?" aliuliza Mama Ezra. "Katika nyumba hii?"

Esta aliona hapo ndipo mahali penyewe. "Na mimi, Mama. Mimi sijui kusoma. Sikuwahi kujua. Yale mafungu yote Kaka alikuwa akinisomea kwenye majani. Muulize."

Ezra aliinamia kikombe chake.

Mama Ezra alipangusa mikono kwa kanga, bila haraka. "Nimefundisha darasa la kwanza miaka yote hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Unadhani nisingemjua mtoto asiyesoma, tena aliyelala tumboni mwangu? Nilijua, Esta. Ni mimi niliyekuwa nikimtuma Ezra akakate majani pamoja nawe."

Esta alishika ukuta.

"Baba yako hakujua. Aliingia kaburini anajivunia. Watu wa Chome hawakujua. Hakuna aliyekucheka hata siku moja, umekua, una kazi yako, unaheshimika. Hilo ndilo nililokufanyia. Leo umemsimamisha mtoto huyu, mwenye jina langu mimi, mbele ya watu, acheke kila mwenye meno. Nani kati yetu amempenda mwanawe?"

"Mama, mimi niliishi na hofu. Mpaka leo nikipewa karatasi natetemeka."

"Sote tunaishi na hofu. Atabaki hapa. Nitamfundisha mwenyewe." Kisha akamgeukia mwanawe. "Ezra, utamwandikia uhamisho."

"Sawa, Mama," alisema Ezra.

Esta alitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa mtoto wa nyumba ile, na katika nyumba ile watu hawapigi kelele. Alishuka mlima peke yake. Eunike alimsindikiza mpaka kwenye njia panda, akauliza, "Mama, nilisoma vibaya?" Esta akamwambia alisoma vizuri kuliko wote. Mtoto alimtazama kwa namna ya mtu anayejua kwamba wakubwa husema hivyo.

Shule zilipofunguliwa, Nasrin alikuja barazani kumwulizia mwanafunzi wake. Aliposikia alisema, "Nitapanda nikaongee na bibi. Mimi ni mtaalamu, atanisikiliza."

"Atakusikiliza, Mwalimu. Atakupa chai na ndizi, atakushukuru sana, na utashuka kama ulivyopanda."

Nasrin alipanda. Ikawa hivyohivyo.

Wakati wa Pasaka Esta alirudi Chome. Sebule ilikuwa ile ile, majirani wamejaa. Zamu ya Eunike ilipofika alisimama wima, amevaa gauni jeupe, kitabu mikononi, akaanza. Sauti yake ilitiririka bila kikwazo, yenye kupanda na kushuka pale panapostahili. Wale binamu walinyamaza. Mama Ezra alifumba macho kwa furaha, kama alivyokuwa akifumba marehemu mume wake.

Fungu lilikuwa refu. Esta, aliyekaa jirani na mtoto, aliona macho ya Eunike yamefika mwisho wa ukurasa. Eunike aliendelea. Ukurasa haukufunuliwa.

Alipomaliza, wageni walisema "Amina" kwa nguvu, na mzee mmoja akasema damu ya Mwalimu haijapotea. Eunike alimtazama mama yake mara moja tu, kisha akainamisha macho. Watu walikuwa wakimtazama Esta, wanangoja. Naye akasema "Amina".