Chupa za Zuurakan zisizo na siki

Zuurakan nimemjua tangu alipoletwa kijijini kwetu akiwa bibi harusi, na sitaki mtu aseme kwamba alikuwa mzembe. Kila mwisho wa kiangazi alikaanga mabilingani na pilipili hoho, akayashindilia kwenye chupa za kioo, akazibana vifuniko vya bati. Waliosafiri kwenda mjini walibeba chupa zake kama zawadi. Alijivunia, na nani asingejivunia?

Mwaka huo mjukuu wake alianza kutembea, tukaalikwa kwenye karamu ya kumkata kamba miguuni, desturi yetu ya kumfungulia mtoto njia ya maisha. Tulikula tukashiba. Kama ilivyo kwetu, hakuna aliyeondoka mikono mitupu: kila mgeni alifungiwa keshik, fungu la karamu la kuwapelekea waliobaki nyumbani. Nyama, maandazi, mabilingani, na kwa ndugu wa karibu hata chupa nzima.

Kesho yake shemeji yake Zuurakan, Mamyt, akaanza kuona watu wawili wawili. Wanaume wakacheka. Mmoja akamwambia, "Afadhali leo, Mamyt. Juzi ulikuwa unaona watatu." Ikasemwa ni pombe ya karamuni, na mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini baadaye kope zikamwangukia, hata maji yakawa hayapiti kooni.

Daktari Cholpon akaja kutoka wilayani, msichana mpole asiyechoka kuuliza. Nani alikula nini, nani hakula. Sisi tukang'ang'ania pombe. Ndipo tukasikia kwamba bibi Kalyicha, mama yake Mamyt, naye kope zimelala. Bibi yule hajaonja pombe tangu azaliwe, na karamuni hakufika kwa sababu ya magoti. Alikula keshik tu. Kicheko kikatuishia.

Nyama na maandazi tulikula wote, na tulikuwa wazima. Macho yakamgeukia Zuurakan. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya mabilingani na kijiko, akasema atayala mbele yetu. Daktari akamshika mkono.

"Usile, mama. Sumu hii haina harufu wala ladha. Hukua ndani ya chupa iliyofungwa, isipokuta uchachu wa kuizuia. Mwaka huu ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha kitu."

Daktari hakumwachia mkono, wala hakumharakisha. Zuurakan akamtazama mumewe, Asanbek, aliyekuwa amejikunja kwenye benchi na vidonda vyake vya tumbo.

"Chache nilimtengenezea mzee bila siki," akasema taratibu. "Tumbo lake haliiwezi. Zilikuwa za kuliwa baridi ikija. Mabilingani ya karamu yalipopungua nikafungua moja. Na moja nilimfungia mdogo wangu, Jamby."

Jamby alikuwa amesharudi malishoni, juu mlimani, ambako simu hazishiki.

Daktari akaagiza wagonjwa wapelekwe hospitali na dawa ya kupinga sumu itafutwe upesi, kisha akapanda gari na Zuurakan. Mimi walinichukua kwa sababu njia za huko nimezizurura sana. Kijito kilikuwa kimekata barabara, tukashuka, tukatembea. Zuurakan aliuliza neno moja tu: kama Jamby amekula, je, atakuwa ameshaugua?

"Huenda," alisema daktari. Tukaongeza mwendo.

Hemani kwa Jamby kitambaa cha chakula kilikuwa kimetandikwa. Chupa ilikuwa katikati, wazi, na Jamby alikuwa na kipande cha mkate mkononi.

"Umekula?"

"Salamu gani hiyo, dada? Bado, namsubiri mume wangu ashushe kondoo."

Zuurakan akaikumbatia ile chupa. Jamby akamuuliza kama amepanda mlima wote ule kumpokonya kitoweo.

"Nimekuja kukwambia nimewatia watu sumu," Zuurakan akasema. "Mamyt na mama Kalyicha. Ni mkono wangu huu."

Daktari akaipokea chupa, akaifunga vizuri ikapimwe, akaangalia macho ya Jamby, akamwambia ameponea chupuchupu. Kule chini dawa ilikuwa imeshafika. Mamyt na mama yake walipona, bibi kwa taabu kubwa, akipumulia mashine. Lakini hayo tuliyajua baadaye. Pale hemani Zuurakan alikaa kwenye majani nje, hataki kuingia. Jamby akamfuata na birika, akamnawisha mikono yote miwili kama mgeni, akamkatia mkate, akakaa naye mpaka akala.