Asante Tatu

Siku ile, nyumbani kwetu Nyanungu, tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa mwisho wa kike aliyekuwa anahojiwa kwa simu ili apate ufadhili wa shahada ya pili ya magonjwa ya mifugo, mjomba wetu aliye kaka wa marehemu mama, na shangazi aliyekataa katakata kukaa nje. Simu yenyewe ilinunuliwa kwa pesa za maksai wa mjomba. Alikuwa na wawili wa kulimia, akatupa mmoja tumuuze. "Mtanirudishia akipata kazi," alisema.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wasome. Baadaye nilisimama mbele ya wazee wa ukoo waliotaka kugawana shamba letu. Nilimwamkia kila mmoja, nikamtaja babu, nikamtaja baba, nikaeleza ni nani aliyepanda mkonge wa mpakani, ndipo nikaliomba shamba. Hakuna aliyenikatiza. Shamba likabaki kwetu. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiambia kila jibu lisizidi dakika mbili, nilicheka.

"Dakika mbili ni za kumjibu mtu mnayepishana njiani," nikamwambia. "Anayejibu kifupi anaficha kitu. Anza na nyumbani."

"Kaka, wameandika dakika mbili."

"Wakikusikia hawatakuzuia."

Hajawahi kunibishia mara mbili.

Mahojiano yalikuwa ya Kiingereza. Sikuelewa, ila nilisikia jina la babu, la baba, na la kijiji chetu, nikajua anafuata njia yangu. Kisha sauti ya mwanamke kwenye simu ikasema asante. Hilo nalijua hata kwa Kiingereza. Nikamgusa mjomba goti. "Wanamshukuru."

"Ulimi huo ni wa upande wetu," shangazi akanong'ona.

"Upande wenu mna ulimi wa kugombana tu," mjomba akamjibu, na wote wawili wakajiziba midomo wasicheke.

Asante ilisemwa mara tatu. Nilizihesabu kwa vidole.

Alipozima simu, mdogo wangu alibaki ameiinamia.

"Kaka, zile asante zilikuwa za kuninyamazisha. Swali la kwanza sikufika hata kwenye ng'ombe. La pili nilikuwa bado kwa baba. La tatu niliharakisha, nikachanganya."

"Sasa kwa nini hukufupisha, mwanangu?" shangazi akamuuliza.

Alinitazama mimi, kisha akatazama chini.

Baadaye niliiona karatasi aliyoiandaa kabla sijampa ushauri wangu. Kila jibu lilikuwa na mistari minne.

Barua yao iliingia kwenye simu hiyohiyo. Ilikuwa fupi, nayo ilianza na asante. Hawakumpa ufadhili, na walisema aliyekwisha kuhojiwa haombi tena. Sasa mdogo wangu anauza dawa za mifugo katika duka la mtu, na akiongea nami anajibu kwa neno moja.

Mvua zimeanza. Mjomba amebaki na maksai mmoja, na mmoja havuti plau peke yake. Anasubiri jirani amalize kulima kwake ndipo amwazime wa pili. Kila asubuhi nakwenda na jembe la mkono kumpunguzia kazi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Hasemi zaidi. Nalima hadi jua linawaka, narudi nyumbani, na maksai wake bado sijamrudisha.