Kikunjo cha Mwisho

Mtaani walimwita Gundi, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na nyumba nzima ilinuka gundi, sawa. Lakini waliompa jina walimaanisha kwamba amenata. Wenzake waliolewa, wakahama, wakarudi kusalimia na watoto mgongoni, naye bado yuko nyuma ya dirisha lile lile la nondo anashona kwa sindano. Tangu mzee apooze upande wa kulia, hata kusimama dirishani ilikuwa anasa.

Kitanda cha mgonjwa kilihamishiwa kwenye chumba cha kazi, maana ndicho pekee chenye mwanga. Ikawa meza, rafu, shinikizo la kubania vitabu na mzee, vyote vimebanana mpaka Gundi akawa anapita kwa ubavu. Asubuhi amgeuze, amfute, amnyweshe uji, amgeuze tena. Mtu asiyegeuzwa huota vidonda. Kaka mtu alikaa mitaa miwili tu kutoka hapo, na kila akipita alisimama mlangoni akasema, "Pole na kazi, dada," kana kwamba mzee ni baba wa jirani. Kisha huyo, anakwenda zake.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, na mzee aliirudia tangu bintiye akiwa mdogo: fundi hasomi. "Ukianza kusoma kazi imelala. Wewe angalia namba." Kitabu kilichochakaa hufumuliwa kikawa vikunjo, yaani mafungu madogo ya kurasa zilizokunjwa pamoja, na kila kikunjo kina namba yake chini ya ukurasa wa kwanza. Fundi hupanga moja, mbili, tatu, akashona. Basi Gundi alikulia katikati ya vitabu, akavishika usiku na mchana, na hakujua hata kimoja kinasema nini.

Siku mzee alipoanguka, mezani kulikuwa na vitabu viwili vilivyofumuliwa, akaanguka navyo. Mambo yalipotulia kidogo, Gundi aliviokota vikunjo sakafuni. Karatasi ni ile ile, herufi ni zile zile, kumbe vyote vilipigwa chapa na mtambo mmoja. Akavipanga kwa namba kama alivyofundishwa, akashona vitabu viwili vya kupendeza, akawapa wenyewe. Namba zilifuatana bila kuruka. Alikuwa amevichanganya, na kosa lile lilihitaji fundi kulifanya. Mtu mwingine yeyote angesoma mistari miwili akaliona.

Aliyeliona ni mwalimu mstaafu, mteja wao wa miaka mingi. Alikuja na vitabu vyote viwili kwapani.

"Binti yangu, mimi nilileta riwaya hapa. Nasoma, nasoma, dada wa watu keshafunga mizigo, kashika komeo, anataka kumtoroka mjomba wake. Nafunua ukurasa, naambiwa mbuzi akiharisha atengwe na wenzake."

Gundi alitamani ardhi ipasuke. "Samahani sana, mwalimu. Basi na cha bwana mifugo..."

"Bwana mifugo nimeshakutana naye, ndiye kanipa hiki. Anauliza tangu lini mbuzi wanaandikiwa barua za posa."

Kitandani mzee alicheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, lakini kilikuwa cha kwanza tangu augue.

Gundi akavifumua. Meza ilijaa kazi za watu, kwa hiyo alivitandaza vikunjo juu ya blanketi la baba yake, na kwa kuwa namba hazikusaidia tena, ilimbidi asome. Alisoma kikunjo kimoja kimoyomoyo, kwa haya, kama mtu anayechungulia chumba cha wakubwa.

"Soma kwa sauti," mzee alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito siku hizi, lakini bintiye alimwelewa.

"Si ulisema fundi hasomi?"

"Mimi si fundi tena."

Neno hilo lilimchoma, akasoma. Riwaya ilikuwa ya msichana aliyelelewa na mjomba, akakabidhiwa funguo za nyumba nzima, akawa anafungulia watu wote milango isipokuwa yeye mwenyewe. Walisoma mfululizo, na alipochoka walibadilisha ladha, wakasoma cha mbuzi. Mzee alikipenda cha mbuzi. Alisema angalau mbuzi hawafichi shida zao.

Walikuwa wamefika pale msichana anapofunga mizigo, hodi ikapigwa. Alikuwa shangazi, dada yake mzee, mjane aliyefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa wodini mpaka akastaafu. Hakukaa, alimvuta Gundi nje.

"Yule msimamizi wa kiwanda cha uchapaji amekuulizia tena. Anataka mshonaji, na chumba cha kulala kipo. Nimemwambia utamjibu Ijumaa."

"Shangazi, na baba?"

"Mimi nahamia hapa."

"Hutaweza kumgeuza."

"Nimegeuza wagonjwa wewe hujazaliwa."

"Baba ana namna yake."

"Namna gani? Mimi na yeye tumenyonya ziwa moja, leo unifundishe namna yake?" Shangazi alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi Gundi kuliko tusi. "Mwanangu, mlango huu haujafungwa. Umeuegemea wewe."

Gundi akasema tuone kwanza. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Ukweli aliujua, akaumeza: aliogopa kwamba akitoka siku moja tu mzee atakufa, na aliogopa vile vile kwamba hatakufa, ataishi vizuri tu, na itaonekana kwamba miaka yote hii haikuwa lazima.

Aliporudi ndani aliendelea kusoma. Msichana akashika komeo. Gundi akanyoosha mkono kuchukua kikunjo kinachofuata, hakipo. Akainua blanketi, akainama uvunguni, akahamisha kopo la gundi. Hakipo. Kilikuwa cha mwisho, ndicho chenye jibu.

"Labda kilipotea siku ile niliyoanguka," alisema mzee, akitazama ukutani.

Pengine kilichomekwa kwenye kitabu kingine kwa bahati mbaya. Akaanza na rafu ya mayatima, ndivyo walivyoviita vitabu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, na kila alichokifungua kilimkamata shati. Kimoja kilieleza jinsi nyuki wanavyomlea malkia. Kingine kilikuwa cha mauaji, na muuaji ni daktari, Gundi alimjua kabla ya mpelelezi. Kulikuwa na safari ya mtu aliyevuka milima ya theluji akiwa na kiatu kimoja, kulikuwa na sheria za mirathi, ramani za nyota, hadithi za mapenzi zilizomfanya aruke mistari kwa aibu mbele ya baba yake, na mzee akisema, "Umeruka." Kimoja kilihusu mishipa ya damu, na humo alikuta ugonjwa wa baba yake umeelezwa kwa mistari michache, bila pole. Akalia kidogo, akageuza ukurasa.

Watu husema kitabu hufungua dunia. Ni kweli, lakini ukimfungulia dunia mtu asiyeweza kutoka umemtesa. Kila alipofunga kitabu, chumba kilikuwa kimepungua. Alihesabu nondo za dirisha bila kukusudia. Alianza kumgeuza baba yake kwa hasira, halafu anajuta, anamfunika vizuri zaidi ya inavyohitajika. Na kikunjo hakikuonekana.

Alhamisi aliuliza.

"Baba, hivi wewe hiki kitabu hukijui? Yule msichana aliondoka?"

Mzee alitazama dari.

"Aliondoka," alisema. "Akafika mbali. Akaishi vizuri."

"Umejuaje?"

"Nilikisoma zamani. Vyote hivi nilivisoma."

Gundi alisimama. "Ulivisoma? Na mimi ukanikataza? Miaka yote hii unaniambia angalia namba, angalia namba, kumbe wewe unasoma?"

"Nilijua ukisoma utaondoka." Chozi lilishuka upande ule usiohisi kitu, hata hakujua kwamba analia. "Mama yako alikuwa ameshaondoka akatuacha. Nikaogopa."

Gundi alikwenda mpaka dirishani akarudi. Hasira ilikuwa kubwa, na hapakuwa na pa kuipeleka. Chumba chenyewe ukipiga hatua tatu umegonga ukuta. Akachukua kitambaa, akamfuta lile chozi kwa nguvu zaidi kuliko ilivyostahili.

Ijumaa asubuhi alimgeuza, akavuta foronya ya mto ili akaifue. Ndani yake, nyuma ya sponji, palikuwa na kitu kigumu. Kikunjo. Mzee alikuwa amefumba macho kwa bidii, kama wanavyofumba watu walio macho. Mkono wake wa kushoto bado ulifanya kazi, na siku ile shangazi alipopiga hodi vikunjo vyote vilikuwa juu ya blanketi lake, Gundi yuko nje, na maneno ya nje yalisikika mpaka kitandani.

Gundi alisoma akiwa amesimama, foronya begani.

Msichana alifungua mlango. Alifika njia panda, gari likaja, akapanda. Kituo cha kwanza akashuka. Akarudi kwa miguu, akamkuta mjomba anaota moto, akatundika ufunguo mahali pake. Akazeekea humo. Mwandishi alimsifu sana kwa moyo wake, kurasa tatu nzima.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mtu aliyemfungia maisha yake yote alikuwa ameiba kurasa kwa mkono mmoja ili amfungulie. Alitaka kumtukana, na alitaka kumkumbatia, na kwa vile yote mawili yangemfanya mzee afumbue macho, hakufanya hata moja. Alikirudisha kikunjo nyuma ya sponji, akauvisha mto foronya safi, akamlaza baba yake kichwa juu ya mto.

Kisha akakaa mezani, akashona riwaya bila mwisho wake. Akaiwekea mgongo, akaibana kwenye shinikizo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mkono wa msichana juu ya komeo. Mwalimu atakuja kulalamika tena, atamkuta shangazi, na shangazi hababaishwi na walimu.

Hodi ikapigwa nje. Alikuwa shangazi, amekuja kuchukua jibu, na kwa sauti ya vyombo vilivyogongana ilielekea amekuja na mizigo yake kabisa.

"Umekimaliza?" mzee aliuliza bila kufumbua macho.

"Nimekimaliza, baba."

"Ikawaje?"

Gundi alimwekea mkono wake wa kushoto vizuri juu ya mto.

"Aliondoka," alisema, akaenda kufungua mlango.