Mshauri Asiyetoa Ushauri

Kinyozi waliyempachika jina la Pamba alinyoa watu miaka ishirini na mitatu bila kumtoa mtu tone la damu. Mkono wake, walisema wateja, ulipita shavuni kama pamba. Halafu, wiki sita baada ya kumzika kaka yake, akamkata sikio Mwalimu, mstaafu aliyekuwa mteja wake tangu siku ya kwanza. Mkono ulimtetemeka tu, wembe ukateleza. Mwalimu akajifuta, akasema si neno, na hakuonekana tena. Tangu hapo Pamba akishika wembe, mkono unaanza. Akabaki na mashine, na mashine kila mtu anayo.

Daktari alimpima, hakuona kitu. Akamwandikia kikaratasi: akamwone mshauri, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.

"Mshauri wa nini? Mimi sina wazimu," Pamba alimlalamikia mkewe.

"Nani kasema una wazimu? Una mkono. Nenda, baba watoto, kazi isije ikakutoka."

Akaenda, shingo upande. Alikuta viti viwili, dirisha, saa ya ukutani na boksi la karatasi laini. Akakunja mkono wa shati, akisubiri sindano. Mshauri, mama mmoja mnene aliyekatwa nywele na mtu asiyejua kazi, hakucheka. Mimi ningecheka. Yeye alimweleza tu kwamba wangekuwa wakionana kila Jumanne, dakika hamsini, na maneno yao yangeishia mle chumbani, labda Pamba awe anataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Hapo asingenyamaza.

"Sawa. Nipe huo ushauri."

"Sina wa kukupa."

Pamba akamtazama vizuri. "Mlangoni si wameandika mshauri?"

"Wameandika wao. Habari yako?"

"Nzuri."

Mama yule akanyamaza. Akanyamaza mpaka saa ya ukutani ikasikika.

"Nzuri," Pamba akarudia, akidhani hakusikika.

Jumanne tatu zikaenda hivyo. Pamba alimwuliza afanyeje na kiti cha pili cha pale kinyozini, cha marehemu kaka yake, ambacho alikuwa amekifunika shuka. Akaulizwa yeye angependa nini. "Ningejua si ningebaki nyumbani!" alimfokea mkewe aliporudi. Alijitolea hata kumrekebisha mama wa watu kisogo, maana kilimkera kweli. Mama akakataa kwa upole. Akishakaa kwenye kiti cha Pamba, alisema, hataweza tena kumsikiliza inavyotakiwa. Kazi pekee aliyompa ilikuwa ya ajabu: ahesabu kwa siku moja amejibu "nzuri" mara ngapi. Adhuhuri haijafika, alikuwa amefikisha mara arobaini na moja. Wawili kati ya aliowajibu hivyo walikuwa wamekuja kumpa pole.

Jumanne ya nne, alipoulizwa habari, neno lile halikutoka.

"Mbaya," alisema.

Na mengine yakafuata. Asubuhi aliyofariki, kaka yake alimwambia, "Mdogo wangu, kifua kinanibana." Yeye, macho kwenye kidevu cha Mwalimu, akamjibu, "Mmalize huyo kwanza." Kaka akammaliza mteja wake. Akamfuta shingo, akakunja kitambaa, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, na hakuinuka. Jambo hilo Pamba hakuwa amemwambia hata mkewe.

Alilia kwa kwikwi, mtu mzima na ndevu zake. Mshauri hakumwambia asilie, wala hakumwambia ni mapenzi ya Mungu, maneno aliyokwisha kuyasikia mpaka yakamchosha. Alisogeza lile boksi la karatasi, akakaa naye. Nampa heko mama yule. Kunyamaza namna ile ni kazi, tena nzito, na wengi wetu hatuiwezi hata dakika moja.

Mkono haukupona siku hiyo. Ulipungua kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Pamba alimweleza mkewe. Shuka akaitoa. Jumanne moja mshauri akamwuliza, "Na Mwalimu, mmeshaongea?" Hilo tu. Kesho yake Pamba akaenda kumwomba radhi ya sikio, na Jumamosi asubuhi Mwalimu akaja kunyolewa.

Pamba akampaka povu, akafungua wembe. Mkono ukaanza.

"Habari yako, Mwalimu?"

"Nzuri."

Pamba akashusha wembe. Akanyamaza. Nje watu walipita, redio ya jirani ikaimba wimbo mzima ukaisha.

"Si nzuri," alisema Mwalimu hatimaye. "Siku ile nilisikia, Pamba. Kifua kinambana, nilisikia kwa masikio yangu. Nikasema moyoni, ngoja kwanza ninyolewe. Sikukukimbia kwa sababu ya sikio. Nilishindwa kukitazama kile kiti."

Pamba alikuwa na maneno tele ya kumwambia. Hakumwambia hata moja. Alivuta kiti cha kaka yake, akakaa karibu, na wazee wawili wakalia pamoja, mmoja ana povu mpaka masikioni.

Povu lilikauka. Pamba akapaka jingine, akashika wembe. Mwalimu akalaza kichwa nyuma, koo wazi, akafumba macho.

"Polepole," alisema.

"Polepole," Pamba akaitikia, na mkono wake ukapita.